Sura ya 6: Ini Limepona, Jicho Linauma

Mti wa Callistemon umepandwa sana Nairobi na Arusha, kwenye bustani, uani mwa ofisi na kando ya barabara. Maua yake ni mekundu yenye nyuzi ndefu, na ndege aitwaye chozi haachi kuyatembelea. Asili yake ni Australia. Mwaka 1977 huko California, nchini Marekani, mtafiti wa kampuni moja ya kemikali alitambua kwamba chini ya miti hiyo magugu hayaoti kama yanavyoota kwingine. Uchunguzi ukaonyesha kuwa mti wenyewe unatoa kemikali inayodhoofisha mimea jirani, nayo huitwa leptospermoni. Wakemia wakaanza kutengeneza kemikali za ukoo huohuo zenye nguvu zaidi, wakitafuta dawa ya kuua magugu mashambani. Mojawapo ya kemikali hizo ni nitisinoni.

Kabla dawa ya magugu haijaingia sokoni, hujaribiwa kwanza kwa wanyama. Panya wa maabara waliolishwa nitisinoni walipata vidonda machoni, kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Mbwa nao vilevile. Watafiti wa Uingereza waliofuatilia jambo hilo walipopima damu ya panya hao walikuta imejaa asidi amino moja, tairosini, kwa wingi usio wa kawaida. Jambo lililokuwa tatizo la sumu likageuka kuwa fununu: hii kemikali inazuia kimeng'enya fulani kinachovunjavunja tairosini mwilini.

Naanza na panya hao kwa sababu ya mpangilio wa matukio. Habari ya jicho ilijulikana kabla nitisinoni haijawa dawa ya binadamu. Haikuwa siri, wala haikugunduliwa baada ya watoto kuanza kulalamika. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa hii akisema macho yanamuuma, daktari hana haki ya kushangaa.

Turudi mwilini. Protini tunayokula, iwe ya nyama, dagaa, maharage au maziwa, huvunjwa kuwa asidi amino. Tairosini ni mojawapo, na nyingine iitwayo fenilalanini hugeuzwa na ini kuwa tairosini. Sehemu ya tairosini hujenga mwili na kutengeneza homoni. Inayobaki hupitia hatua tano mfululizo, kila hatua na kimeng'enya chake, hadi iwe kitu ambacho mwili unaweza kukichoma kupata nguvu. Fikiria mfereji wa kumwagilia mashamba wenye milango mitano. Mlango wa mwisho ukiziba, maji yanafurika katika shamba lililo jirani nao, na kinachofurika hapo ni sumu.

Hiyo ndiyo tairosinemia ya aina ya kwanza. Kimeng'enya cha tano hakifanyi kazi, mabaki yenye sumu yanajikusanya, na ini pamoja na figo ndivyo vinavyoumia. Mtoto huugua iwapo amepokea jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama. Wazazi wenyewe ni wazima kabisa, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Duniani kwa jumla huzaliwa mtoto mmoja hivi mwenye ugonjwa huu katika kila watoto 100,000. Lakini kuna eneo la Saguenay–Lac-Saint-Jean, katika jimbo la Québec nchini Canada, ambako uwiano huo ni mmoja katika kila 1,846, kwa kuwa wakazi wengi wanatokana na familia chache zilizohamia huko zamani na jeni hiyo ikasambaa katika kizazi chao. Québec ilianza kupima watoto wachanga wote kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 1970.

Kabla ya nitisinoni, wazazi wa watoto hawa walikuwa na mambo mawili ya kushika: chakula chenye protini kidogo, na kupandikizwa ini. Chakula peke yake hakikutosha. Mtoto alianza kwa kutapika na kukataa kunyonya, tumbo likavimba, ngozi ikawa ya manjano, damu ikawa haigandi. Waliovuka mwaka wa kwanza walikabiliwa na mifupa laini kwa sababu ya figo, vipindi vya maumivu makali ya neva, na saratani ya ini ikiwasubiri utotoni.

Sven Lindstedt, daktari wa Göteborg nchini Sweden, alikuwa amekitafiti kimeng'enya cha pili cha mfereji huu kwa miaka mingi. Aliposikia kwamba ipo kemikali inayokizuia kimeng'enya hicho hasa, aliona jambo ambalo si rahisi kuliona: kwamba kwa watoto hawa, kuziba mlango wa pili kwa makusudi ni kuokoa kila kilicho chini yake. Tairosini haitafika kwenye mlango wa tano, na sumu haitatengenezwa. Mtoto wa kwanza alipewa nitisinoni mwaka 1991, na mwaka uliofuata Lindstedt na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2002, Ulaya mwaka 2005.

Takwimu zilizowasilishwa wakati wa kuomba idhini hazihitaji kupambwa. Kati ya watoto walioanza kuugua kabla ya kufikisha miezi miwili, waliotibiwa kwa chakula tu ni asilimia 29 waliokuwa hai baada ya miaka minne. Kwa waliopata chakula pamoja na nitisinoni, ni asilimia 88. Huko Québec, watoto walioanzishiwa dawa kabla ya kutimiza siku 30 za maisha hawakuhitaji kupandikizwa ini.

Lakini maji yaliyozuiwa kwenye mlango wa pili hayatoweki. Yanafurika juu.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, tairosini katika damu huwa chini ya mikromoli 100 kwa lita, au hapo jirani. Kwa anayetumia nitisinoni hupanda hadi mia kadhaa, na asipoangalia chakula hupita hata 1,000. Kwenye ini wingi huo haufanyi madhara ya sumu ile ya kwanza. Tatizo ni kwamba tairosini haiyeyuki vizuri. Lita nzima ya maji hubeba chini ya nusu gramu. Na konea ni mahali pa pekee mwilini: haina mishipa ya damu, iko wazi kwa hewa, na joto lake ni la chini kuliko la ndani ya mwili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba humo, katika seli za ngozi ya juu ya konea, tairosini iliyozidi huganda kuwa fuwele ndogo mno zenye ncha, na mwili huzishambulia kama unavyoshambulia kitu kigeni. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, linahisi kama limeingiwa mchanga. Mwanga unakuwa adui. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza hufumba macho, huficha uso kwenye kifua cha mama, hukataa kutoka nje mchana.

Daktari wa macho akimweka mgonjwa huyu kwenye darubini ya taa nyembamba, kidevu juu ya kiegemeo na paji la uso likigusa mkanda, hupunguza mwanga hadi ubaki mstari tu unaopenya konea kwa pembeni. Katikati ya konea ataona doa la kijivu lenye matawi. Kwa mtazamo wa haraka litamkumbusha ugonjwa mmoja tu: kidonda cha virusi vya hepesi. Na hapo ndipo watu wengi wamepotezewa muda.

Hepesi ni ya kawaida, tairosini ni nadra, kwa hiyo si kosa kuifikiria hepesi kwanza. Kosa ni kuishia hapo. Kidonda cha hepesi kikiwekewa tone la rangi ya fluoresini na kumulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani, na matawi yake huishia kwa vifundo vidogo. Alama ya tairosini imeinuka kidogo, hainywi rangi hiyo vizuri, na matawi yake hayana vifundo. Hepesi kwa kawaida hushika jicho moja. Tairosini mara nyingi hushika yote mawili, hata kama moja limetangulia kuuma. Hepesi hufanya konea ife ganzi, kiasi kwamba ukiigusa kwa ncha ya pamba mgonjwa anahisi kidogo tu. Konea yenye tairosini huhisi sawasawa. Kisha ipo dalili ya mwisho, inayokuja kwa gharama: dawa za virusi hazisaidii. Wiki zinapita, matone yanabadilishwa, dozi inaongezwa, jicho halijapona.

Tunajua kwamba tairosini yenyewe ndiyo inayoumiza jicho kwa sababu maumbile yalishafanya jaribio hilo. Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye mlango wa kwanza kabisa wa mfereji. Ugonjwa wao huitwa tairosinemia ya aina ya pili, au ugonjwa wa Richner na Hanhart, kwa majina ya madaktari wa Uswisi walioueleza mwaka 1938 na 1947. Ini lao ni zima. Wanaumwa macho, na kwenye viganja na nyayo wanaota sugu ngumu zenye maumivu. Habari zao katika maandishi ya kitabibu zinafanana kwa namna inayoudhi: mtoto ametibiwa hepesi kwa miezi, wakati mwingine miaka, hadi mtu mmoja akakumbuka kupima tairosini kwenye damu. Akibadilishiwa chakula, macho yanafunguka ndani ya siku au wiki chache. Dawa ya jicho lake ilikuwa kwenye sahani.

Mgonjwa wa nitisinoni, kwa upande wa macho, amefanywa afanane na mgonjwa huyo. Tofauti ni kwamba yeye ana jina la ugonjwa wake tayari, ana faili, ana daktari anayejua anachokunywa. Hana sababu ya kupotezewa miezi. Inatosha swali moja kuulizwa kwenye chumba cha macho: unatumia dawa gani kila siku? Hiyo ndiyo sababu wataalamu hutaka macho yachunguzwe kwa darubini kabla ya kuanza dawa na kwa vipindi wakati wa matibabu, na sababu ya kuweka lengo kwamba tairosini ibaki chini ya mikromoli 500 kwa lita. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa 207 uliotumika kuombea idhini, matatizo ya konea, uvimbe wake na kuumizwa na mwanga yalitajwa kwa asilimia 2 hivi kila moja. Ni wachache. Lakini hao walikuwa zaidi watoto, wakilishwa na wazazi waliokuwa wakipima kila kijiko. Mtoto huyo akifika miaka 16 na kuanza kujilisha mwenyewe, hesabu ni nyingine.

Chakula ndicho kiini cha jambo hili, na nadhani hatukipi uzito unaostahili tunapokitamka kama vile ni nyongeza ya dawa. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Mtoto mdogo mwenye tairosinemia anaweza kuwa na posho ya siku nzima ya protini ya kawaida isiyozidi sana hapo. Kwa hiyo hakuna nyama, samaki, mayai, jibini, maharage wala karanga. Wali na mkate vinapimwa. Vilivyo huru zaidi ni matunda, mboga nyingi, mafuta, sukari, na vyakula vya wanga mtupu. Protini inayobaki anaipata kwenye unga maalumu wa asidi amino uliotengenezwa bila tairosini na bila fenilalanini, unaokorogwa na maji na kunywewa mara tatu au zaidi kwa siku. Una harufu kali na ladha chungu. Aliyezoeshwa tangu uchangani huunywa bila shida. Aliyeachishwa kisha akataka kuurudia hupata tabu kubwa.

Na mitego haiko kwenye nyama tu. Soda isiyo na sukari iliyotiwa aspateimu huleta fenilalanini, ambayo mwili utaigeuza kuwa tairosini. Homa nayo huleta taabu bila mtu kula chochote, kwa kuwa mwili unaoumwa na usiokula huanza kuvunja misuli yake wenyewe, na misuli ni protini. Mzazi anaweza kufuata kila sharti na bado kiwango kikapanda kwa sababu ya mafua ya wiki moja. Ni muhimu alijue hilo, maana nimeona namna kipimo kibaya kinavyosomwa kama hukumu juu ya malezi. Upande wa pili nao una hatari: ukibana protini kupita kiasi, mtoto hakui. Ndiyo maana mtaalamu wa lishe katika kliniki hizi ana kazi nzito sawa na ya daktari.

Sasa, jicho likiuma kweli, kijana au mzazi hufikia hitimisho lenye mantiki: dawa ndiyo iliyoleta balaa, basi tuisimamishe. Kwa mgonjwa wa tairosinemia ya aina ya kwanza huo ni uamuzi wa hatari. Mlango wa pili ukifunguliwa, sumu inaanza tena kutengenezwa chini, na ini, figo na neva vinarudi kwenye hatari ileile. Maelekezo ya dawa yanasema wazi kwamba tairosini ikizidi, kinachobanwa zaidi ni chakula, na dozi ya nitisinoni haipunguzwi wala haisimamishwi kwa ajili hiyo. Maumivu ya jicho yanavumilika kwa siku kadhaa huku chakula kikirekebishwa. Ini haliwezi kusubiri vivyo hivyo.

Lakini kuna wagonjwa wengine wa nitisinoni ambao kwao jibu ni kinyume kabisa, na daktari asipojua anazungumza na yupi atakosea.

Hao ni wenye alkaptonuria. Kwao kimeng'enya cha tatu ndicho kibovu. Mkojo wao ukiachwa hewani hugeuka mweusi, na kwa miaka mingi huenda hiyo ikawa dalili pekee. Archibald Garrod, daktari wa London, aliandika juu yao mwaka 1902 na kuonyesha kwamba hali hiyo hufuata ukoo, mara nyingi kwa watoto wa wazazi ambao ni mabinamu. Ulikuwa mmoja wa mifano ya kwanza ya binadamu kuelezwa kwa kanuni za urithi za Mendel. Mabaki yanayofurika kwao hugeuka rangi nyeusi inayojipaka kwenye gegedu. Kuanzia miaka ya 30 hivi mgongo unaanza kukakamaa, kisha magoti, nyonga na mabega. Na macho yao nayo hupata alama kadiri umri unavyosonga: madoa ya kahawia au meusi kwenye weupe wa jicho, upande wa pua na upande wa sikio. Madoa hayo hayaumi wala hayaharibu uwezo wa kuona.

Utafiti uliofanyika Liverpool, Paris na Slovakia uliwafuata wagonjwa 138 kwa miaka minne, nusu yao wakipewa miligramu 10 za nitisinoni kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mabaki yenye madhara yalipungua kwenye mkojo kwa zaidi ya asilimia 99, na mwaka huohuo Ulaya ikaidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa huu. Lakini takriban mmoja kati ya saba wa waliopewa dawa alipata tatizo la konea. Uwiano huo ni mkubwa kuliko wa watoto wa tairosinemia, na sababu inaeleweka: hawa ni watu wazima waliokula nyama na samaki maisha yao yote, na kuwaambia waache katika umri wa miaka 50 si sawa na kumlea mtoto asiyewahi kuonja.

Kwa mtu wa alkaptonuria mwenye jicho linalouma, nitisinoni husimamishwa kwa muda hadi jicho lipone, kisha chakula kinapangwa upya kabla ya kuirudia. Ugonjwa wake unakwenda pole pole kwa miongo. Wiki chache bila dawa hazitamwangusha. Kapsuli ni ileile, fuwele ni zilezile, doa chini ya darubini ni lilelile, na amri kwa mgonjwa ni mbili zinazopingana.

Nitaje kwa kifupi ugonjwa mwingine ambamo jicho limebaki nyuma kwa sababu tofauti. Katika sistinosisi, asidi amino iitwayo sistini hujikusanya ndani ya seli za mwili mzima na kuganda, konea ikiwamo. Dawa yake, sisteamini, humezwa na huchelewesha kufa kwa figo. Lakini konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo dawa iliyomezwa haiifikii, na fuwele zinaendelea kuongezeka kwa mtoto ambaye vipimo vyake vingine vinapendeza. Inabidi dawa ileile itengenezwe kuwa matone ya macho, na matone ya aina ya kwanza yalitakiwa kutiwa kila saa mtoto awapo macho. Mwalimu, bibi, shangazi, kila anayekaa na mtoto huyo lazima ajue kutia tone.

Watoto waliookolewa na nitisinoni miaka ya mwanzo ya 1990 sasa ni watu wazima. Wanafanya kazi, wanasafiri, wengine wana watoto wao. Wametoka kwenye kliniki za watoto, ambako kila mtu aliwajua kwa jina, wakaingia katika hospitali za watu wazima ambako huenda wao ndio wagonjwa wa kwanza wa aina yao. Wengi hujitoboa kidole nyumbani, hudondosha damu kwenye karatasi maalumu, huiacha ikauke na kuituma maabara kwa posta, kisha hupigiwa simu kuambiwa tairosini iko wapi. Siku jicho likianza kuwasha huko ugenini, wataingia kwa daktari yeyote wa macho aliye karibu, na yeye ataona matawi ya kijivu kwenye konea. Kwa siku hiyo wanahitaji barua ya ukurasa mmoja mfukoni: jina la ugonjwa, jina la dawa na dozi yake, kiwango cha mwisho cha tairosini na tarehe ya kipimo, namba ya simu ya kliniki, na mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa unaosema iwapo dawa inaruhusiwa kusimamishwa au hairuhusiwi.